Simu ya mkopo na bando la "bure": Je, mwenye simu yake alipe kidogo?

Kununua simu janja kwa kutanguliza kianzio kidogo, kisha kumalizia kwa malipo ya kila siku au kila wiki, limekuwa jambo la kawaida katika miji ya Tanzania. Kampuni za simu nazo huuza simu zikiwa na gigabaiti za mwaka mzima zinazotajwa kuwa ni za bure. Wakati huohuo, mteja aliyenunua simu yake kwa fedha taslimu Kariakoo, au anayetumia simu aliyoachiwa na kaka yake, ananunua kifurushi kwa bei ileile ya kila siku. Je, naye hastahili kulipa kidogo, kwa kuwa hakuna aliyemsaidia kununua simu?

Makala hii inaeleza swali hilo lilitoka wapi, hali ilivyo hapa nchini, na kwa nini jibu lake linamgusa mkazi wa Bunju kuliko anavyoweza kudhani.

Swali lilianzia kwenye mikataba ya Ulaya na Marekani

Katika nchi nyingi tajiri, wateja wa simu hufunga mkataba wa miezi 18, 24 au zaidi na kulipia kila mwisho wa mwezi. Kwa miaka mingi mteja aliposaini alipewa simu mpya kwa bei ndogo sana, au bila kulipa chochote siku ile. Simu haikuwa ya bure. Gharama yake iligawanywa ndani ya bili ya kila mwezi, na mteja hakuonyeshwa kiasi gani ni cha simu na kiasi gani ni cha huduma.

Matatizo mawili yalijitokeza. La kwanza, aliyekuja na simu yake mwenyewe mara nyingi alitozwa bili sawa na aliyepewa simu, hivyo akawa analipia simu ambayo hakuipata. La pili, aliyemaliza mkataba wake na kubaki na simu ileile aliendelea kutozwa kana kwamba bado ana deni. Nchini Uingereza, shirika la kutetea wananchi la Citizens Advice lilieleza mwaka 2017 kwamba kampuni tatu kubwa, Vodafone, EE na Three, ziliendelea kuwatoza baadhi ya wateja gharama ya simu baada ya simu hizo kumalizwa kulipwa. Wastani wa malipo hayo ya ziada ulikuwa pauni 22 kwa mwezi.

Marekani, kampuni ya T-Mobile ilibadili mfumo mwaka 2013 kwa kutenganisha malipo ya simu na malipo ya huduma, na kampuni nyingine kubwa zikafuata katika miaka michache. Korea Kusini ilikwenda mbali zaidi kwa kutumia sheria. Kuanzia Oktoba 2014, mteja asiyechukua ruzuku ya simu alipata haki ya kupunguziwa bei ya huduma. Punguzo lilianza na asilimia 12, likapandishwa hadi asilimia 20 mwaka 2015, kisha asilimia 25 mwaka 2017. Sheria yenyewe ilifutwa Julai 2025, lakini punguzo la asilimia 25 lilibakizwa.

Tanzania mzigo umekaa upande mwingine

Tanzania wateja wengi hulipa kwanza, kisha hutumia. Mtu anaweka salio, ananunua kifurushi cha siku, wiki au mwezi, na kikiisha ananunua kingine au anakaa bila. Mikataba ya malipo baada ya matumizi ipo, lakini zaidi ni ya maofisa, kampuni na taasisi. Kwa hiyo mtu anaweza kusema swali la ruzuku ya simu halituhusu.

Linatuhusu, ila kwa sura nyingine. Kwa kuwa mteja wa malipo ya kabla hafungwi na mkataba wa huduma, kampuni haina uhakika wa kurudisha fedha yake ikimpa simu kwa bei ya kutupa. Njia iliyopatikana ni kuifunga simu yenyewe. Mteja anapewa simu yenye programu inayoweza kuizima kwa mbali. Akilipa, simu inafanya kazi. Asipolipa, skrini inajifunga hadi alipe.

Kenya ni mfano unaojulikana. Julai 2020 Safaricom kwa kushirikiana na Google ilianzisha Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja alitanguliza shilingi 1,000 za Kenya, kisha akalipa shilingi 20 kwa siku kwa muda wa miezi tisa. Baada ya hapo utaratibu kama huo ulienea, na leo Tanzania unatolewa na kampuni za mitandao, maduka ya simu na kampuni za mikopo.

Kwa nini Bunju

Bunju ni kata iliyo kaskazini mwa Wilaya ya Kinondoni, kwenye Barabara ya Bagamoyo, karibu na mpaka wa Mkoa wa Pwani. Ni sehemu ya jiji inayojengwa kwa kasi, yenye wakazi wengi ambao kipato chao huja kwa siku: madereva wa bodaboda na bajaji, mafundi ujenzi, mama lishe, wauza mboga na samaki. Kwao shilingi 250,000 kwa mkupuo ni fedha ngumu kupatikana, lakini shilingi 1,000 ya leo inapatikana.

Na simu janja si pambo tena. Dereva anapokea abiria kupitia programu za usafiri. Fundi anatuma picha ya kazi kwa tajiri aliyeko Mbezi. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita anaomba mkopo wa elimu ya juu kwa njia ya mtandao. Anayekosa simu ya aina hiyo anakosa pia sehemu ya kipato. Ndiyo maana vijana wanaouza simu za mkopo chini ya miavuli karibu na vituo vya daladala hawakosi wateja, na ndiyo maana bei halisi ya simu hizo inafaa kuangaliwa kwa makini.

Hesabu ya shilingi 1,000 kwa siku

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu rahisi. Simu inauzwa dukani kwa shilingi 250,000 taslimu. Kwa mkopo, mteja anatoa kianzio cha shilingi 50,000, kisha shilingi 1,000 kila siku kwa siku 365. Mwisho wa mwaka amelipa shilingi 415,000. Ameongeza shilingi 165,000 juu ya bei ya taslimu.

Sasa tuulize: kama tofauti hiyo ingekuwa riba tu, ni riba ya kiasi gani? Baada ya kianzio, mteja amekopeshwa shilingi 200,000. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa huduma ndogo za fedha wa Daraja la Pili, wale wanaokopesha bila kupokea amana. Kwa riba hiyo, ikikokotolewa kwenye deni linalobaki, mteja angelipa takriban shilingi 20,700 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 248,400. Ukiongeza kianzio, jumla inakuwa shilingi 298,400.

Katika mfano wetu amelipa 415,000. Shilingi 116,600 zilizobaki zinalipia nini?

Huenda kuna majibu halali. Sehemu inaweza kuwa bando linalotolewa pamoja na simu. Sehemu inaweza kuwa bima, kamisheni ya muuzaji, gharama ya programu ya kufunga simu, na hasara ya wateja waliotoweka na simu bila kumaliza deni. Lakini mteja pale kwenye mwavuli haambiwi hivyo. Anaambiwa "buku kwa siku". Bei tatu zimefungwa katika furushi moja: bei ya simu, bei ya mkopo na bei ya huduma. Asiyejua kila moja ni kiasi gani hawezi kulinganisha na duka la jirani, wala kujua kama ingekuwa nafuu akope kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa na kununua simu taslimu.

GB za bure zinalipwa na nani?

Upande wa pili wa swali ni simu zinazouzwa na zawadi ya bando. Mwaka 2022, mjadala wa kupanda kwa bei za vifurushi ulipokuwa mkali, ilielezwa kwamba viwango vilivyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kwa bei ya data vilikuwa kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa megabaiti moja. Kwa kiwango cha chini kabisa, gigabaiti moja ni takriban shilingi 2,080.

Tuseme kampuni inauza simu na kutoa GB 4 kila mwezi kwa mwaka mzima. Hizo ni GB 48. Kwa kiwango kile cha chini, thamani yake inakaribia shilingi 100,000. Mkazi wa Bunju mwenye simu yake mwenyewe, akitaka kutumia kiasi hichohicho kwa mwaka, anatoa fedha hiyo mfukoni.

Kitu chenye thamani ya laki moja hakitolewi bila hesabu. Kuna njia tatu za kuifidia. Inaweza kuwa bei ya simu imepandishwa, na hapo mnunuzi anajilipia mwenyewe bando analoitwa la bure. Inaweza kuwa kampuni inatarajia mteja azoee laini yake na kuendelea kununua vifurushi baada ya mwaka. Au inaweza kuwa gharama imetawanywa kwenye vifurushi vya wateja wengine wote, na hapo mwenye simu ya zamani anawachangia wenye simu mpya bila kujua.

Njia ya pili ni biashara ya kawaida. Ya kwanza inahitaji ukweli kwenye tangazo. Ya tatu ndiyo inayofanana na malalamiko ya Ulaya, na ndiyo inayotoa hoja kwamba anayeleta simu yake apewe kifurushi cha bei ndogo au GB za ziada. Lakini hakuna anayeweza kusema ni ipi kati ya hizo tatu inayotumika mpaka bei zitenganishwe.

Laini iliyofungwa na haki ya kuhama

Tangu Machi 2017, mteja wa Tanzania ana haki ya kuhama mtandao mmoja kwenda mwingine bila kubadili namba yake. Lengo la utaratibu huo lilikuwa kuongeza ushindani: mtandao ukipandisha bei au huduma ikiwa mbovu, unaondoka na namba yako.

Simu ya mkopo inaweza kuipunguza haki hiyo kimyakimya. Kuna simu zinazofungwa kwa sababu ya deni tu, ambapo mteja yuko huru kutumia laini yoyote mradi analipa. Kuna nyingine zinazokubali laini ya mtandao mmoja tu hadi deni liishe. Mwenye simu ya aina ya pili anaweza kuona tangazo la kifurushi cha nusu bei kwa mtandao mwingine na asiweze kufanya lolote kwa mwaka mzima. Hapo hasara yake si riba peke yake. Ni pia kila shilingi ambayo angeokoa kwa kuhama.

Kuna hatari nyingine mtaani. Simu ambayo deni lake halijaisha huuzwa kwa mtu wa tatu kwa bei ya kuvutia. Mnunuzi anaitumia wiki mbili, kisha inajifunga. Aliyemuuzia hapatikani, na fundi akiiflashi, programu ya kufunga kwa kawaida inarudi mara simu inapounganishwa na intaneti. Familia inabaki na kioo cheusi.

Hoja ya wanaotetea mfumo uliopo

Ingekuwa kosa kuuona mkopo wa simu kama mtego mtupu. Kampuni inayomkopesha mtu asiye na hati ya mshahara wala dhamana inabeba hatari ya kweli. Programu ya kufunga simu ndiyo dhamana pekee iliyopo, na bila hiyo wengi wa wateja hawa wasingekopeshwa kabisa. Dereva anayepata abiria wawili zaidi kwa siku kwa sababu ana simu janja anaweza kufidia gharama ya mkopo na bado akabaki na faida.

Pia kuna onyo kutoka Korea Kusini. Serikali ilipoweka ukomo wa ruzuku ambayo kampuni ziliruhusiwa kutoa kwa wanunuzi wa simu, wateja wengi walilalamika kwamba simu zimekuwa ghali kuliko awali, kwa kuwa kampuni hazikuwa tena na sababu ya kushindana kwa kushusha bei. Kilichodumu katika sheria ile ni punguzo kwa asiyechukua ruzuku. Kilichoachwa ni ukomo wa ruzuku.

Na hapa nyumbani tuna fundisho letu. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 serikali ilisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, ili watu wengi zaidi waingie kwenye intaneti. Mwaka uliofuata msamaha huo ukafutwa. Ugumu wa hatua za namna hii ni kwamba nafuu hutolewa bandarini, lakini mnunuzi yuko Bunju. Kama bei ya dukani haina mchanganuo, hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba nafuu ilimfikia au iliishia njiani.

Aprili 2021 nako kulikuwa na funzo. Vifurushi vipya vilipoanza kutumika tarehe 2, wateja waliona vimepungua na bei kupanda, kelele zikawa kubwa, na serikali ikaagiza bei za awali zirudishwe. Wananchi walipoweza kulinganisha jana na leo kwa macho yao, sauti yao ilisikika. Kwa simu za mkopo hawawezi, kwa sababu hakuna cha kulinganisha.

Nani mwenye jukumu?

Jambo hili limegawanyika kati ya ofisi kadhaa. TCRA inasimamia huduma za mawasiliano na bei za vifurushi. Benki Kuu inasimamia watoa mikopo chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na mwaka 2024 ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kwa njia za kidijitali. Tume ya Ushindani, FCC, inasimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mlaji. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inahusika na kile ambacho programu iliyomo ndani ya simu inakusanya kuhusu mteja.

Simu ya mkopo yenye bando inagusa ofisi zote nne, na ndiyo maana ni rahisi kuangukia katikati yao. Muuzaji anaweza kusema hatoi mkopo bali anauza kwa awamu. Mtandao unaweza kusema hauuzi simu bali unatoa ofa. Kanuni moja fupi ya pamoja ingesaidia: kila simu inayouzwa kwa malipo ya awamu iwe na karatasi moja ya Kiswahili inayoonyesha bei ya taslimu, jumla ya malipo yote, thamani ya bando lililomo, na kama simu inakubali laini zote. Hilo halimkatazi mtu kuuza wala kukopesha.

Baada ya hapo, swali la punguzo linapata jibu rahisi. Kama karatasi inaonyesha kwamba GB zimo ndani ya bei ya simu, basi mwenye simu yake hajadhulumiwa, na mnunuzi wa simu naye apewe uhuru wa kununua simu bila hizo GB kwa bei ndogo. Kama GB zinatoka kwenye mapato ya vifurushi vya wote, basi anayekuja na simu yake anadai haki anapotaka kifurushi chenye nafuu. Kwa hali zote mbili kanuni ni ileile: mtu alipie anachokichukua.

Kabla hujaacha kianzio

Wakati kanuni hiyo ikisubiriwa, mnunuzi anaweza kujikinga kwa maswali machache:

- Simu hii taslimu ni shilingi ngapi? Linganisha na angalau duka jingine moja.
- Nikimaliza nitakuwa nimelipa jumla kiasi gani? Zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku, ongeza kianzio.
- Nikilipa deni lote mapema, napunguziwa?
- Simu inakubali laini za mitandao yote leo, au hadi nimalize deni?
- Nikiugua na kushindwa kulipa wiki mbili, simu inafungwa tu au kuna faini? Na M-Pesa yangu nitaipataje?
- Deni likiisha, programu ya kufunga inaondolewa na nani, na napewa uthibitisho gani?

Kwa simu ya mkononi kwa mtu, bonyeza *#06# kupata namba ya utambulisho ya simu, yaani IMEI, kisha itume kwenda 15090 kuhakiki kama ni halisi. Kumbuka kwamba uhakiki huo hauonyeshi deni. Dai pia risiti au ujumbe unaothibitisha kwamba malipo yamekamilika.

Ukiona umetozwa tofauti na ulivyoambiwa, anza kwa kulalamika kwa mtoa huduma mwenyewe na utunze kumbukumbu ya malalamiko hayo. Usiporidhika, yapeleke TCRA kwa mambo ya huduma na vifurushi, Benki Kuu kwa mambo ya mkopo, au FCC kwa tangazo la kupotosha. Malalamiko yenye tarehe, risiti na kiasi ndiyo yanayoweza kuzionyesha mamlaka hizo jinsi bei zilivyochanganywa ndani ya "buku kwa siku".